SAFARI YA KALENGA: TULICHOKWENDA KUONA NA TULICHORUDI NACHO

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, Masahaba wake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.



Katika somo la mwaka huu tumeona tusiandike juu ya jambo lililofanikiwa, bali tuandike juu ya jambo lililotuvunja moyo. Nalo ni ile safari ya wanafunzi wetu ya kutoka Mbeya kwenda Iringa wakati wa likizo, na hasa kituo cha Kalenga. Wengi wenu mlisikia habari zake nyumbani. Mama mmoja alikuja madrasa siku ya pili baada ya kurudi kwetu, akasimama mlangoni akasema: "Ustadhi, mwanangu ananiambia mmempeleka mwendo wa siku nzima kuona kichwa cha mtu ndani ya kioo. Ndiyo elimu hiyo?" Siku ile hatukuwa na jibu. Mama yule aliuza debe mbili za viazi ili mwanawe apate nauli, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza. Somo hili ni jibu letu kwake na kwenu nyote.

SAFARI YENYEWE

Tuliondoka Mbeya baada ya swala ya alfajiri kwa Kosta moja, wanafunzi, waalimu na baadhi ya wazazi waliofuatana na mabinti zao. Kama ilivyo Sunna, tulimteua mmoja wetu kuwa amiri wa safari, kwani Mtume (S.A.W.) ameelekeza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamweke mmoja wao kuwa kiongozi. Tukasoma dua ya safari, tukapita Uyole, tukateremka kuelekea Chimala na Igawa, ambako bonde la Usangu linaonekana limetandaa upande wa kushoto. Kisha tukapanda tena mpaka Makambako na baridi yake na upepo wake. Hapo tulikunywa chai kwa maandazi tuliyofungiwa na kina mama. Tukaendelea, tukapita Mafinga na mashamba yake ya miti, mpaka Iringa mjini. Ni zaidi ya kilomita 300.

Wengi katika wanafunzi wetu hawakuwahi kuvuka Makambako. Njia nzima walikuwa wakiulizana habari za ngome. Hapa ndipo palipoanza kosa, na kosa lilikuwa letu sisi waalimu. Kwa muda wa majuma mawili kabla ya safari tulikuwa tukiwaambia: "Mtaiona ngome ya Mkwawa." Hatukuwaambia zaidi ya hapo. Watoto wakajichorea wenyewe picha ya ngome: kuta ndefu, minara, mageti ya chuma na mizinga, kama wanavyoona kwenye televisheni.

MASUALA YA SWALA TULIYOKUTANA NAYO

Kabla hatujafika Kalenga tueleze jambo lililotokea msikitini Iringa, kwa sababu ni elimu ambayo kila msafiri anaihitaji.

Tulifika wakati wa adhuhuri, imamu wa pale akiwa ameshaanza swala. Tukaingia katika safu. Imamu alipokaa tahiyatu ya kwanza, wanafunzi wetu wanne walitoa salamu wakainuka, wakidhani kwamba msafiri hana haki ya kuswali zaidi ya rakaa mbili. Wenyeji wakawatazama kwa mshangao. Ufafanuzi wake, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ni kama ifuatavyo:

1. Msafiri wa masafa marefu katika jambo la halali anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne, yaani adhuhuri, alasiri na isha, aziswali rakaa mbili mbili. Magharibi na alfajiri hazipunguzwi.

2. Ruhusa hii huanza anapokwisha kutoka nje ya majengo ya mji wake, si anapokuwa bado nyumbani akifunga mizigo.

3. Msafiri akiswali nyuma ya imamu ambaye ni mkazi, ni wajibu wake kutimiza rakaa nne pamoja na imamu wake. Kwa hiyo wale wanne walikosea, na walirudia swala yao.

4. Anaruhusiwa pia kukusanya adhuhuri na alasiri kwa wakati mmoja, na magharibi na isha kwa wakati mmoja. Nasi tulipomaliza adhuhuri pamoja na wenyeji, tulisimama wenyewe tukaswali alasiri kwa kupunguza, rakaa mbili.

Tulipowafahamisha wenyeji kwamba watoto ni wageni katika hukumu hizi, walicheka kwa upole, wakatukaribisha maji na ndizi. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

TULIPOFIKA KALENGA

Kalenga iko kiasi cha kilomita 15 kutoka Iringa mjini, katika njia inayokwenda Hifadhi ya Ruaha, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Kosta iliposimama watoto walishuka mbio. Kisha wakasimama. Mbele yao kulikuwa na nyumba ndogo ya makumbusho, miti, makaburi ya ukoo na kijiji kilichotulia, kuku wakipita. Kijana wetu mmoja aligeuka huku na huku, akauliza: "Ustadhi, ngome iko wapi?"

Hatukuwa na ngome ya kumwonyesha.

Tuliingia ndani kwa zamu. Mzee aliyetupokea alieleza kwa utaratibu juu ya mikuki, ngao na silaha za kale, kisha akatufikisha mbele ya sanduku la kioo ambamo limehifadhiwa fuvu la Chifu Mkwawa. Watoto walilitazama kwa muda mfupi sana. Mmoja akanong'ona: "Tumekuja huku kote kuona kichwa?" Wawili watatu wakacheka. Mzee yule alisikia. Hakusema neno, alisubiri tu wanyamaze, akaendelea na maelezo yake. Sisi waalimu tuliona haya hata tukashindwa kumtazama usoni.

Muda wote tuliokaa pale haukufika saa nzima. Usiku ule tulilala kwa ndugu zetu Waislamu pale Iringa, na kesho yake tulirudi Mbeya. Garini hapakuwa na qaswida. Wengine walilala, wengine walinuna.

TULIYOYASOMA BAADA YA KURUDI

Baada ya yule mama kuja, tulikaa waalimu tukakubaliana kwamba haifai kuwalaumu watoto kwa kutoona kitu ambacho hatukuwafundisha kukiona. Tukatafuta vitabu, tukasoma, kisha tukawapa somo ambalo tulipaswa kuwapa kabla ya safari. Haya ndiyo tuliyoyapata kwa ufupi.

Mkwawa, ambaye jina lake refu ni Mkwavinyika, alikuwa mtawala wa Wahehe baada ya baba yake, Munyigumba, aliyefariki mwaka 1879. Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, mashariki ya Iringa, wapiganaji wake walivizia jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, wakalishinda, na Zelewski mwenyewe akauawa. Ushindi ule ulisikika mpaka Ulaya.

Baada ya hapo Wajerumani walijitayarisha kwa miaka mitatu. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliivamia Kalenga kwa mizinga na bunduki za kisasa, wakaiteka na kuibomoa. Basi hili ndilo jibu la yule kijana aliyeuliza ngome iko wapi: ngome ilivunjwa. Uwanja ule mtupu alioukanyaga ndio habari yenyewe. Lau angekuta kuta zimesimama na mageti yanang'aa, ingekuwa ni habari nyingine.

Mkwawa hakukamatwa siku ile. Alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne, huku Wajerumani wakitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, alipokuwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Askari wa Kijerumani walikata kichwa chake, nacho kikapelekwa Ujerumani.

Binti mmoja wa darasa la tatu alituuliza hapa: "Kwani alijiua, ustadhi? Si dhambi?" Tunamshukuru kwa swali lake. Uislamu umeharamisha mtu kuiua nafsi yake. Rejea Suratun Nisaa aya ya 29. Tunajifunza subira ya Mkwawa katika kulinda nchi yake, wala hatukichukui kifo chake kuwa mfano wa kufuatwa. Mtu akizidiwa na dhiki aseme kwa mzazi wake, mwalimu wake au ndugu yake, asikae nayo peke yake, na asikate tamaa na rehema ya Mola wake. Ama kumhukumu mtu aliyekwisha kufa, hiyo si kazi yetu. Iko kwa Mwenyezi Mungu.

MKATABA WA VERSAILLES NA MUS'HAF WA SAYYIDNA UTHMAN

Sasa tufike katika jambo lililotushangaza sisi wenyewe, nalo ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, mtawala wa Kiingereza katika nchi yetu, Horace Byatt, alishauri mwaka 1918 kwamba fuvu la Mkwawa lirudishwe kwa Wahehe. Shauri hilo liliingizwa katika Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 baina ya Ujerumani na mataifa yaliyoishinda. Ni kifungu cha 246. Nasi tulipokitafuta kifungu hicho ili tuwasomee wanafunzi habari za fuvu, tulikuta kwamba kina mambo mawili, na fuvu ni la pili.

La kwanza ni Qur'an. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi mus'haf wa asili wa Khalifa Uthman (R.A.), ambao ulidaiwa kuchukuliwa Madina na watawala wa Kituruki na kupewa zawadi Kaisari Wilhelm wa Pili. Kisha ndipo kinapotaja fuvu la "Sultani Mkwawa". Vyote viwili vilipewa muda mmoja, miezi sita tangu mkataba kuanza kufanya kazi.

Ndugu msomaji, tafakari. Watu wa Kalenga na watu wa Madina, walio mbalimbali kwa bahari na nchi, wamewekwa katika kifungu kimoja cha mkataba mmoja, kwa sababu wote wawili walidai kitu chao kilicho kitukufu kwao. Na watoto wa madrasa kutoka Mbeya walisimama mbele ya kimoja kati ya vitu hivyo viwili, wakacheka, kwa sababu waalimu wao hawakujua wamewapeleka mbele ya nini.

Je, ahadi ilitimizwa? Miezi sita ilipita, na miaka ikapita. Fuvu halikurudi mpaka Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alipokwenda mwenyewe katika makumbusho ya mji wa Bremen mwaka 1953. Alikuta huko mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000. Likatafutwa lile linalolingana na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa na lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Tangu kukatwa kwake mpaka kurudi ni karibu miaka 56.

Jiulizeni: yale mafuvu mengine ya pale Bremen yalikuwa ya nani? Kila moja lilikuwa la mtu aliyekuwa na mama. Mpaka leo ziko familia katika nchi yetu zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa wakati ule. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa mauaji ya wakati wa Vita vya Maji Maji. Kwa hiyo jambo hili si la kale lililokwisha.

Ama mus'haf uliotajwa, Ujerumani haikuurudisha Hijazi kwa kifungu kile.

JE, QUR'AN ILIPOTEA?

Tulipofika hapo darasani, kijana yule yule aliyenong'ona Kalenga aliinua mkono, akauliza kwa wasiwasi wa kweli: "Ustadhi, kama mus'haf wa Sayyidna Uthman haukurudi, Qur'an yetu tumeitoa wapi?"

Jibu lake ni historia ambayo kila Mwislamu anapaswa kuijua.

Qur'an ilipokuwa ikimshukia Mtume (S.A.W.) iliandikwa juu ya ngozi, mifupa, makuti na mawe, na juu ya yote hayo ilihifadhiwa vifuani mwa Masahaba. Katika vita vya Yamama, zama za Sayyidna Abubakar (R.A.), walikufa mahafidhi wengi. Sayyidna Umar (R.A.) akaingiwa na hofu, akashauri ikusanywe. Kazi hiyo alipewa Zayd bin Thabit (R.A.). Aliona uzito wake kuwa ni mkubwa kuliko kuhamisha mlima. Kurasa zile zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (R.A.).

Katika zama za Sayyidna Uthman (R.A.), Hudhayfa bin Yaman (R.A.) aliwaona watu wa nchi za mbali wakihitilafiana katika usomaji, akarudi Madina kumtahadharisha Khalifa. Uthman akaziazima kurasa kwa Hafsa, akaunda jopo la watu wanne akiwemo Zayd, wakaandika nakala, na nakala hizo zikapelekwa katika miji mikubwa. Na kila nakala iliwakuta wasomaji wanaofundisha watu kwa mdomo, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo Qur'an haikutegemea kitabu kimoja kilichofungiwa ndani ya sanduku. Karatasi inaweza kuibiwa, kuungua au kutolewa zawadi kwa mfalme. Katika Suratul Hijr, aya ya 9, Mwenyezi Mungu ametoa ahadi kwamba Yeye ndiye aliyeuteremsha ukumbusho huu na Yeye ndiye atakayeulinda. Na njia mojawapo ya ulinzi wake ni vifua vya watu, vikiwemo vifua vya watoto wa Mbeya waliosafiri katika Kosta wakiwa wamenuna.

JARIBIO TULILOLIFANYA

Baada ya jibu hilo tuliwapa wanafunzi jaribio. Tuliwaambia: "Chukulieni kwamba usiku wa leo misahafu yote ya madrasa hii imechukuliwa. Hakuna mmoja uliobaki, wala simu yenye Qur'an. Kesho asubuhi tukae hapa, sisi kwa sisi tu, tuirudishe. Tutapata kiasi gani?"

Misahafu ikawekwa kabatini. Tukaandika ubaoni majina ya sura 114. Kila mwanafunzi akasimama akasema anachokijua, akakisoma mbele ya wote, nasi tukatia alama. Juzuu Amma ilipatikana yote, alhamdulillah. Juzuu Tabaraka ilipatikana. Yaasin, Ar-Rahman, Al-Waqia, Al-Mulk na Al-Kahf zilipatikana. Al-Baqara ilipatikana mwanzo wake, Ayatul Kursiy na mwisho wake.

Kisha ubao ukabaki na mapengo. Al-A'raf hakuna. At-Tawba hakuna. An-Nahl hakuna. Al-Hijr yenyewe, ile yenye ahadi, hakuna aliyeihifadhi. Na sisi waalimu tulipoongeza tulivyonavyo, mapengo yalipungua lakini hayakwisha. Darasa likanyamaza. Hakuna aliyecheka siku ile.

Yule kijana akasema polepole: "Kumbe na sisi ngome yetu haina ukuta." Tumeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu hatuna ya kuyazidi.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza: Kusafiri na kutazama ni ibada kwa mwenye kuzingatia. Qur'an imetuamrisha mara nyingi kutembea katika ardhi na kuangalia habari za waliotutangulia. Na katika Suratul Hajj, aya ya 46, tunafundishwa kwamba upofu ulio mbaya ni wa nyoyo zilizomo vifuani, wala si wa macho. Sisi tulikuwa na macho mengi ndani ya Kosta ile.

Pili: Mwalimu na mzazi wamtayarishe mtoto kabla ya kumpeleka mahali. Anayeahidiwa kuta na minara atahuzunika akikuta uwanja. Anayeambiwa ukweli atauona uwanja ule na kuuelewa. Tumejifunza kwamba kutia chumvi, hata kwa nia njema ya kuwavutia watoto, ni kuwaandalia huzuni.

Tatu: Maiti ana heshima. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Na lilipopita jeneza la Myahudi alisimama, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, alikumbusha kwamba ile nayo ni nafsi. Ikiwa hiyo ndiyo adabu ya Mtume wetu, basi kucheka mbele ya fuvu la mzee wa watu, mbele ya watu wake waliongoja karibu miaka 56 kulirudisha, lilikuwa ni kosa. Kwa kawaida ya dini yetu maiti huzikwa na kusitiriwa. Lakini namna ukoo wa Mkwawa na watu wake walivyoamua kumtunza mzee wao ni jambo lao, na mgeni haendi nyumbani kwa mtu kumfundisha kilio.

Nne: Kinachochukuliwa kwa nguvu ni rahisi kuchukuliwa na kigumu kurudishwa. Saini ya mwaka 1919 ilihitaji mtu wa kuifuatilia mpaka mwaka 1954. Mwenye haki asichoke kudai, na mwenye ahadi asingoje kudaiwa.

Tano: Hifadhi ya Qur'an ni amana ya jamaa nzima. Haitoshi kusema "wako mahafidhi Zanzibar, wako Tanga, wako Makka." Swali ni: katika nyumba yako kuna nini kifuani?

TULICHOAMUA

Waalimu na wanafunzi tumeafikiana mambo mawili. La kwanza, tumeandika barua ya kuomba radhi kwa mzee aliyetupokea Kalenga. Waliocheka ndio walioiandika kwa mikono yao, nasi tumeitia saini chini yao, kwa kuwa sisi ndio wenye sehemu kubwa ya kosa.

La pili, zile sura zenye mapengo ubaoni tumezigawa kwa familia. Kila nyumba imechukua sura moja au sehemu ya sura, baba, mama na watoto wakisaidiana, kwa kiasi cha uwezo wao. Hakuna mashindano wala zawadi. Mwaka ujao, In shaa Allah, tutaweka tena misahafu kabatini, tuuandike tena ubao, tuone.

Tulimwita yule mama tukamweleza yote haya kama tulivyoyaandika hapa, pamoja na kukiri kwamba siku ile alipouliza hatukuwa na jibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Basi ustadhi, mimi sijui kusoma sana. Lakini mwanangu akinisomea usiku nitashika. Tuandikie Al-Hijr."

Tumemwandikia. Ina aya 99, na mpaka tunapeleka makala hii kupigwa chapa wamefika aya ya 20.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja swala ambazo msafiri anaruhusiwa kuzipunguza na zile zisizopunguzwa.
2. Msafiri akimkuta imamu mkazi katika rakaa ya kwanza ya alasiri, ataswali rakaa ngapi pamoja naye? Eleza sababu.
3. Kwa nini wanafunzi hawakuiona ngome Kalenga? Toa tarehe.
4. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles kilitaja vitu gani viwili? Kipi kilirudi, na mwaka gani?
5. Ni tukio gani lililomfanya Sayyidna Umar (R.A.) ashauri Qur'an ikusanywe?
6. Kaa na watu wa nyumbani kwako, funikeni msahafu, muandike sura mnazozijua nyote kwa pamoja. Leteni karatasi hiyo madrasa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipoteleza, aijaalie Qur'an kuwa nuru ya nyoyo zetu, na awape wanafunzi wetu macho yanayoona na nyoyo zinazofahamu. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.